Kimemo Mbele ya Kadhi

Karatasi yenyewe haikuzidi kiganja. Ilikunjwa mara nne, ikapenyezwa chini ya kisahani cha chai yangu, na aliyeileta akasema, "Mzee anakusalimu sana, shemeji." Nilikuwa karani wa kamati ya kupokea wanafunzi katika shule moja ya bweni, na siku hiyo ilikuwa imebaki nafasi moja. Nikaikunjua. Mistari miwili ya wino wa bluu: salamu, kisha ombi kwamba huyu ni kijana wetu, msaidie. Hapakuwa na alama za mtihani wala jina la shule alikotoka. Palikuwa na sahihi, nami sahihi ile niliijua vizuri, maana ndiyo iliyonipatia mimi kazi.

Nje ya dirisha, kwenye benchi, alikuwa ameketi mama mmoja na bintiye tangu alfajiri. Binti alikuwa amepakata faili la plastiki, na kila mlango ulipofunguka alikuwa akilinyoosha kwa viganja kana kwamba limekunjamana. Vyeti vyake nilikwisha kuviona. Vilikuwa vizuri kuliko vya wote waliobaki. Saa sita mchana nilitoka nikawaambia nafasi zimejaa. Mama akaniambia, "Haya mwanangu, Mungu akulipe kwa kuhangaika na sisi."

Ni miaka 23 sasa. Sijawahi kupigwa kofi lililouma kama dua ile.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya barua ya msomaji mmoja. Amepewa cheo mwezi uliopita, na tangu siku hiyo, anasema, simu yake haipoi. Shangazi ana mtoto, jirani ana mkwe, imamu wa msikiti wa kwao ana mpwa, na mtu aliyesoma naye darasa la nne ana kampuni. Ananiuliza awaambieje bila kuonekana amevimba kichwa. Ningemjibu kwa hekima yangu, ila hekima yangu mmekwisha kuiona pale dirishani. Nitampeleka Cairo, mwaka 1384, akakae nyuma ya baraza la kadhi mmoja mgeni.

Abdurrahman bin Muhammad bin Khaldun alizaliwa Tunis mwezi mosi Ramadhani mwaka 732 wa Hijria, yaani Mei 1332. Ukoo wake ulijihesabu kuwa wa asili ya Hadhramaut, huko huko walikotoka Washihiri na masharifu wengi wa pwani yetu. Ukahamia Andalusia, ukawa na jina kubwa Seville, kisha ukavuka bahari kwenda Afrika. Alipokuwa na miaka 17 tauni kubwa ikapita Tunis ikamchukulia baba, mama na wengi wa walimu wake.

Kazi yake ya kwanza ya serikali itawachekesha waliowahi kushika mihuri. Aliajiriwa kuandika alama ya sultani. Waraka ukishaandikwa, ananyanyua kalamu nene na kuchora, kati ya bismillahi na maneno yanayofuata, sentensi ya kumhimidi na kumshukuru Mungu. Bila maneno hayo waraka ulikuwa karatasi tu. Nayo yakiwekwa, unabeba amri. Kijana wa miaka kama ishirini, na tayari anajua uzito wa mkono unaotia alama.

Miaka zaidi ya ishirini iliyofuata nisingependa msomaji wangu aiige. Alitumikia masultani wa Fez, akatuhumiwa kula njama, akafungwa mwaka 1357 kwa karibu miaka miwili. Alitoka sultani alipokufa, akarudi kwenye siasa zile zile. Alikwenda Granada, akatumwa balozi kwa Pedro, mfalme wa Castile, mwaka 1364. Pedro akamwahidi kumrudishia mali ya mababu zake mjini Seville iwapo atabaki, naye akakataa. Kisha akawa mkuu wa serikali ya amiri wa Bijaya, na amiri huyo alipouawa na binamu yake mwaka 1366, Ibn Khaldun akaukabidhi mji kwa huyo huyo aliyemshinda bwana wake. Alikuwa mtu wa kusoma upepo na kugeuza tanga mapema. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani namleta walii. Kadhi tutakayemwona Cairo alikuwa ameishi nusu ya umri wake ndani ya ulimwengu wa vimemo, akivipokea na kuviandika.

Mwaka 1375 alichoka. Akaenda kujificha kwenye ngome ya Ibn Salama, katika nchi inayoitwa leo Algeria, na mwaka 1377 akaandika kwa muda wa miezi mitano ile Muqaddima, utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha tarehe. Wanazuoni wa dunia nzima wanaisifu kwa mengi: dola zinavyozaliwa na kuzeeka, mshikamano wa watu wa jangwani, kodi na maangamizi ya miji. Mimi huwa narudi kwenye kurasa chache tu, zile zinazozungumzia jaha.

Neno hili tumelirithi tukalitia utamu. Tunamwombea mtoto afunguliwe milango ya jaha. Ibn Khaldun alilitazama kwa jicho la mtu anayepima mchele sokoni. Mwenye jaha, anasema, hufanyiwa kazi na watu bila malipo: huyu anamjengea, huyu anamlimia, mwingine anamletea zawadi, na kila mmoja anataka kujikurubisha ili siku moja akingiwe kifua. Kazi ile yote ina thamani, na thamani hiyo inaingia mfukoni mwa mkubwa. Ndiyo maana anatajirika upesi bila kuuza kitu. Jaha imepangwa ngazi kwa ngazi, kuanzia kwa wafalme mpaka kwa yule wa chini kabisa asiyeweza kumnufaisha mtu wala kumdhuru, na anayeitaka hana budi kujinyenyekeza na kusifu. Wenye kujiona, anasema, hubaki maskini. Aliyeandika hayo hakuyasikia kwa watu. Yeye mwenyewe aliwahi kumwandikia sultani wa Fez shairi refu akiwa gerezani, akimwomba amtoe.

Soma kurasa hizo halafu kitazame kimemo upya. Kile kijikaratasi cha mistari miwili kilikuwa hundi ya jaha. Mzee alikuwa ameniwekea kazi kama akiba, na siku ile akaja kutoa.

Kuna jambo la pili katika Muqaddima ambalo bila hilo hatutamwelewa kadhi. Ibn Khaldun alikerwa na waandishi wa tarehe wanaopokea habari kwa sababu tu aliyeileta ni mtu mwenye jina. Mfano anaoutoa ni hesabu ya jeshi la Nabii Musa. Al-Mas'udi na wengine walipokeza kwamba Wana wa Israili waliohesabiwa jangwani, wanaume wa miaka ishirini na kuendelea, walifika laki sita au zaidi. Ibn Khaldun anauliza maswali ya fundi: jeshi la ukubwa huo lingejipangaje vitani hata upande mmoja ujue upande wa pili unafanya nini? Na kati ya Yakubu na Musa vizazi ni vinne tu. Jamaa wasiozidi sabini walioingia Misri wangezaaje laki sita? Kanuni yake ilikuwa kwamba kabla ya kumpima msimulizi, pima kwanza kama jambo lenyewe linawezekana. Likiwa haliwezekani, wema wa msimulizi haulisaidii.

Lakini kanuni hiyo nusura imponze. Mzee mmoja wa Tangier, Ibn Battuta, alikuwa amerudi Moroko baada ya safari ndefu, akisimulia ya India na ya dunia nzima. Ni yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, mwaka mmoja kabla Ibn Khaldun hajazaliwa. Sisi tunasoma maelezo yake ya Kilwa kama hati ya kwetu. Pale Fez watu wa baraza la sultani walinong'onezana kwamba mzee huyu anaongopa, na Ibn Khaldun naye, kijana mwenye elimu nyingi na ndevu chache, akampelekea shaka zake waziri Faris bin Wadrar. Waziri akamwonya kwa kisa. Palikuwa na waziri aliyefungwa na mwanawe mdogo, mtoto akakulia gerezani. Alipopata akili akauliza nyama tunayoletewa ni ya nini. Akaambiwa ya kondoo. Kondoo yukoje? Baba akajitahidi kumweleza, na mtoto akasema, "Kumbe ni kama panya!" Hakuwa amewahi kuona mnyama mwingine humo ndani.

Kisa hiki Ibn Khaldun anakitoa mwenyewe, nacho kinamsuta mwenyewe. Nampenda kwa hilo. Wengi wetu tunaojivunia kwamba hatudanganyiki, tukichunguzwa, huonekana ni watoto wa gerezani.

Sasa tumfuate Misri. Alitoka Tunis mwaka 1382 kwa kisingizio cha kwenda Hija, akafika Cairo, akashangazwa na ukubwa wake, akaanza kufundisha Al-Azhar. Sultani Barquq akampenda. Wakati huo mji ulikuwa na makadhi wakuu wanne, kila madhehebu na wake, utaratibu uliowekwa tangu mwaka 1265 enzi za Sultani Baybars. Agosti 1384 Barquq akamwondoa kadhi wa Kimaliki, akamvika joho mgeni huyu wa Kimagharibi, akamkalisha kwenye madrasa ya Salihiyya katikati ya mji.

Alichokikuta humo kitatambuliwa na yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye ofisi ya ardhi. Mahakama za zama hizo ziliendeshwa kwa mashahidi rasmi, watu waliothibitishwa uadilifu, ambao bila wao mkataba haufungwi wala deni halithibiti. Wazuri walikuwepo. Ila walichanganyika na wabaya, na makadhi waliotangulia waliogopa kuwachuja kwa sababu wengi walikuwa na mgongo: huyu anawasalisha maamiri nyumbani kwao, yule anawafundisha Qur'ani watoto wao. Nani atamwambia amiri kwamba anayemtangulia kwenye sala anauza ushahidi? Wakawepo na waandishi wa mikataba waliojua kila tundu la sheria, hasa kwenye wakfu. Nyumba iliyowekwa wakfu kwa ajili ya mayatima ikitamaniwa na mkubwa, mwandishi huyo alitafuta kauli dhaifu ya madhehebu fulani, akaipambia hati, na wakfu ukafunguka kama kufuli bovu. Tena mamufti, kila mmoja na fatwa yake, hata mdaiwa aliyeshindwa leo anarudi kesho na karatasi mfukoni inayosema ameshinda.

Mgeni akaanza kufagia. Aliwachunguza mashahidi, akawaadhibu waliothibiti kuwa waongo, akawazuia baadhi ya waandishi wasiandike tena, akawafunga midomo mamufti wa barabarani. Na kuhusu maombi ya wakubwa, anaeleza katika wasifu aliojiandikia kwamba aliyapa mgongo yote: aliwasawazisha wagombanao, akachukua haki ya mnyonge kwa mwenye nguvu, akasikiliza ushahidi peke yake.

Hapa naomba tutue kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mwanatarehe na kadhi wanapokuwa mtu mmoja. Alichokikataa kwenye vitabu ndicho alichokikataa barazani. Habari haiwi kweli kwa kilemba cha aliyeileta, na dai haliwi haki kwa sahihi ya aliyeliunga mkono. Kimemo ni shahidi anayeingia mahakamani, haulizwi chochote, hasemi aliona nini, anataja jina lake tu na hukumu inageuka. Nilipokitii kile cha kwangu nilikuwa nimepokea ushahidi wa uongo, na kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nimetenda heshima kwa wazee.

Makadhi wenzake walimshangaa. Wakamshauri awe kama wao: awaridhishe wakubwa, na kesi ikiwa ngumu aikwepe, maana kadhi halazimiki kuhukumu ikiwa yupo kadhi mwingine. Ushauri huo haujafa. Sisi tunausema hivi: "Nenda dirisha namba nne."

Wakuu wakakasirika. Maneno yakapelekwa kwa sultani kwamba huyu hajui desturi za kuhukumu, kwamba ana kiburi. Na katikati ya dhoruba hiyo likaja lile ambalo hadi leo nikilifikia huweka kitabu chini. Familia yake ilikuwa imebaki Tunis, sultani wa huko akiishikilia ili yeye arudi. Ibn Khaldun alimwomba Barquq amwombee. Barquq akaandika barua, sultani wa Tunis akakubali, wakapakiwa merikebuni na mali na vitabu. Chombo kikavunjwa na upepo karibu na Alexandria. Aliwapoteza wote kwa mkupuo. Barua ya maombezi ilikuwa imefika na kukubaliwa.

Hakumaliza mwaka kwenye kiti. Mwaka 1385 aliondolewa, na anasema aliupokea uamuzi huo kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Asije msomaji wangu mwenye cheo akaelewa kwamba kila anayemwombea mwenzake ni mwovu. Ibn Khaldun mwenyewe alikuwa na rafiki, Ibn al-Khatib, waziri na mshairi mkubwa wa Granada, aliyetoroka kwao akakamatwa Fez. Ibn Khaldun aliwaendea wakubwa akiomba asiuawe. Hakusikilizwa, rafiki yake alinyongwa gerezani mwaka 1374, na maombezi yale yakawekwa kwenye orodha ya makosa ya mwombaji. Hiyo ndiyo shufaa: aliyeibeba aliilipia mwenyewe. Kimemo hulipiwa na mtu aliyekaa kwenye benchi, na hajui kwamba ametozwa. Usama bin Zaid alikuwa kipenzi cha Mtume, lakini alipokwenda kumwombea yule mwanamke wa Banu Makhzum aliyeiba, uso wa Mtume ulibadilika. Ukoo mkubwa ulikuwa umemtafuta mtu wanayedhani hakataliwi.

Basi, rafiki, unaponiuliza ukatae vipi, kwanza uliza hiki: nikimpa huyu, ninamnyang'anya nani? Kama hakuna anayenyang'anywa, msaidie mpaka mikono ichoke. Shangazi hajui fomu inajazwaje, mjazie. Mpwa wa imamu hajui tarehe ya mwisho, mwambie, na uibandike ukutani ili wasio na mjomba nao waione.

La pili ni juu ya ukali, na hapa kadhi wetu si mfano mwema. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyekuja kuwa kadhi mkuu baadaye, ametuachia picha yake isiyopendeza sana. Hakutaka kuvaa mavazi ya makadhi wa Misri, akashikilia vazi lake la Kimagharibi. Akikasirika aliamuru mtu apigwe makofi ya shingo, na shingo ilipigwa mpaka ikawa nyekundu. Wale waliokuwa na chuki naye walizidisha, bila shaka, lakini sidhani walizua yote. Nimewajua watu wa namna hii. Hapokei rushwa, na kwa hiyo anajiona amepewa kibali cha kumtukana kila anayekanyaga kizingiti chake. Mzee mwenye kimemo anaitwa mwizi mbele ya wajukuu. Watu wakitoka pale hawasemi "yule ni mwadilifu". Wanasema afadhali aliyetangulia, alikula lakini alikuwa na salamu. Uadilifu unapata jina baya kwa ulimi wa mwenye nao.

La tatu ni zito zaidi. Utashindwa. Siku moja kitakuja kimemo usichoweza kukirudisha. Mwaka 1389 maamiri walimpindua Barquq, wakawakusanya mafakihi watie saini fatwa dhidi ya sultani aliyeondoka. Ibn Khaldun, ambaye wakati huo alikuwa amepewa pia usimamizi wa khanqa moja, nyumba ya masufi yenye pato zuri, alitia saini. Alisema baadaye kwamba walilazimishwa, nami namwamini. Panga zilikuwa nyingi mjini wiki hizo. Barquq alirudi madarakani na khanqa ikampotea. Mtu aliyewakatalia wakubwa wakiwa na karatasi aliwakubalia walipokuja na silaha. Hilo halimfanyi mnafiki. Linatuonyesha tu kwamba aliyewahi kusema hapana hana akiba ya hapana benki. Kila siku anaanza upya.

Miaka kumi na zaidi baadaye alirudishwa kwenye kiti, mwaka 1399. Akaondolewa tena mwaka 1400. Kwa jumla aliteuliwa mara sita. Mara sita! Ningekuwa mkewe ningemficha lile joho. Mwenyewe alikuwa ameandika jinsi vyeo vinavyowala watu, na bado kila alipoitwa alikwenda.

Na mara moja aliitwa na mtu wa kutisha kuliko wote. Timur alipouzingira mji wa Damascus, Ibn Khaldun alikuwa ndani, amefuatana na jeshi la sultani mdogo Faraj, aliyeupa mji kisogo na kukimbilia Cairo. Januari 1401 mzee wa miaka 68 akateremshwa ukutani kwa kamba, akapelekwa hemani kwa Timur. Akambusu mkono. Akamwambia kwamba kwa miaka thelathini au arobaini alikuwa akitamani kuonana naye. Ndiyo, alimsifu, jaha alikuwa anajua bei yake. Siku 35 alikuwa akienda na kurudi kambini. Alimpelekea zawadi: msahafu, zulia la kusalia, nakala ya kasida ya Burda, na makasha manne ya halua ya Misri. Timur akamwamuru aandike maelezo ya nchi za Magharibi, akaandika. Damascus ikachomwa hata hivyo, na Msikiti wa Umawiyya nao ukashika moto.

Mbele ya Timur huyo huyo palitokea jambo dogo ambalo msomaji wangu alikate alibandike juu ya meza. Siku za kuagana Timur alimuuliza: una nyumbu? Anaye. Ni mzuri? Mzuri. Utaniuzia? Ibn Khaldun akajibu kwamba mtu kama yeye hamuuzii mtu kama Timur; nyumbu ni zawadi. Nyumbu akachukuliwa. Mzee akarudi Misri kwa tabu, njiani akaporwa. Baadaye, akiwa Cairo, akaja mtu aliyetoka kwa Timur kwa ujumbe, akiwa na fedha: bei ya nyumbu.

Angeweza kuzitia mfukoni. Nyumbu alikuwa wake, fedha zilikuwa halali, na aliyeleta alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Hakuzigusa. Alikwenda kwanza kwa sultani wake, akamweleza zimetoka wapi na kwa nini, akaomba ruhusa. Aliporuhusiwa ndipo alipopokea. Yule kijana wa Tunis aliyetia alama kwenye nyaraka za watu, mwanasiasa wa Bijaya, mtia saini wa mwaka 1389, alikuwa amejifunza kwamba kitu halali kikipita gizani hutoka na harufu.

Alikufa Machi 1406, mwezi wa Ramadhani, muda mfupi tu baada ya kuteuliwa mara ya sita. Akazikwa kwenye makaburi ya masufi nje ya Bab al-Nasr.

Kwa hiyo wewe mwenye cheo kipya fanya hivi, na ushauri huu nakupa kwa bei niliyoununulia. Kikija kimemo, usikifiche wala usikichane. Mkaribishe aliyekileta, mpe chai, uliza hali ya Mzee. Kisha kisome kwa sauti mbele yake na mbele ya mwenzako wa meza ya pili, ukitoboe, ukitie kwenye faili la mwombaji pamoja na vyeti vyake. Wengi wakiona kitobozi kimeshikwa huomba karatasi yao irudi. Wakisema ni ya siri, waulize kwa upole ni ya siri kwa nani.

Mimi sasa nimo kwenye kamati ya wakfu ya msikiti wa mtaani kwetu. Wakfu una nyumba tano za kupangisha, kodi ni ndogo, na orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Shaabani iliyopita moja ilibaki wazi. Usiku nikapata ujumbe kwenye simu kutoka kwa mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama, aliyenilipia ada tangu sekondari: kuna kijana wa rafiki yake anaoa, nimfikirie. Kesho yake kikaoni nikautoa, nikausoma. Sauti ilinitetemeka, sitadanganya. Katibu akauandika kwenye kumbukumbu, tukaendelea na orodha. Nyumba ikamwangukia mjane mmoja fundi cherehani, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza tangu mwaka juzi. Nilikwenda kwa mjomba jioni ile ile nikamwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, nikamshika mkono, nikamwomba radhi kwa kumwaibisha. Alisema, "Haya," akaomba redio iongezwe sauti.

Siku ya Idi nilimtuma mwanangu ampelekee sahani ya biriani, kubwa, na nyama nimechagua mimi. Sahani ilirudi siku ya tatu, imeoshwa ikang'aa. Haikuwa na hata tende moja ndani.